Jina la Aliyeniokota

Mtoto anayetoka makaoni kwetu hupewa posho kidogo, godoro, blanketi, ndoo, Biblia na sufuria ndogo yenye mfuniko. Huimbiwa wimbo, huombewa, na siku hiyo hiyo kitanda chake kinatandikwa shuka la mtu mwingine. Mimi sikumaliza hata kufunga begi. Msichana wa darasa la tatu alikuwa ameshaletwa, amekaa ukingoni mwa kitanda akinisubiri niondoe vitu vyangu. Sikukasirika. Nilimwonyesha msumari wa kutundikia sare, nikatoka.

Sufuria ndiyo iliyonishangaza. Tangu nilipopata nguvu za kushika mwiko nimepika kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Chakula cha mtu mmoja sikuwahi kukipika, wala sikuwahi kumwona mtu akikipika.

Bwana Balthazar, afisa ustawi wa jamii, alikuja na pikipiki yake kunisindikiza. Ana swali lake ambalo kila anayetimiza miaka kumi na minane lazima aulizwe.

"Unajisikiaje, Rozi?"

"Kawaida."

Akaridhika. Sikumdanganya. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, unajua mguu upo ila hauna habari na wewe. Watu wengine hulia getini. Ambilikile, aliyetoka mwaka uliotangulia, alishika nguzo ya geti mpaka mlinzi akamwachanisha nayo kidole kimoja kimoja. Mimi nilimkumbusha Bwana Balthazar kwamba godoro langu libaki stoo mpaka chuo kifungue, kwa sababu sikuwa na sakafu ya kuliweka.

Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ufundi, fani ya umeme wa majumbani. Kanisa lilikubali kunilipia, na bweni juu yake. Chuo kilitaka kitu kimoja tu kabla ya kufungua, namba ya kitambulisho cha taifa. Bila namba, nafasi inakwenda kwa mwingine. Bila nafasi hakuna bweni, na bila bweni nalala wapi? Bwana Balthazar alinipa wiki chache za kukaa kwenye chumba cha wageni cha usharika, tena kwa kuomba. Baada ya hapo hata yeye alikuwa anaangalia chini.

Ofisi ya vitambulisho pale Tunduma nilikuwa nimeshakwenda. Karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Jina?"

"Rozi Mbonile."

"Babu yako alizaliwa kijiji gani?"

"Sijui."

"Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kiswahili ni cha wote, dada. Nauliza cha nyumbani."

"Nyumbani ni makaoni. Tunaongea Kiswahili."

Akaweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze. Niliokotwa hapo hapo Tunduma, kwenye yadi moja ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, nikiwa kichanga. Nilikuwa nimefungwa kwenye kitenge cha Zambia, na hicho kitenge ndicho kitu pekee ambacho kila mtu anakikumbuka, kana kwamba mimi sikuwemo ndani yake. Nikamwambia karani kwamba Tunduma nzima inavaa vitenge vya Zambia, hata yeye mwenyewe kitambaa cha mezani kwake kimetoka ng'ambo. Akacheka kidogo, lakini hakushika kalamu.

"Na hili jina Mbonile umelitoa wapi?"

"Ni la mlinzi aliyeniokota."

Huo ndio utaratibu wa makaoni kwetu. Mtoto asiyejulikana wazazi wake hupewa jina la ukoo la mtu aliyemwokota. Aliyeanzisha makao aliona si vizuri mtoto awe na jina la shirika, bali awe na jina la mtu aliyewahi kumbeba. Wazo zuri sana. Kasoro yake ni kwamba waokotaji wenyewe hawakuulizwa, wala hawakuambiwa. Tuko wengi tunaotembea na majina ya watu wasio na habari.

"Basi mlete huyo Mbonile," karani akasema. "Aje na mtendaji wa kijiji chake, aape ni wapi alikukuta. Hapo nitaendelea. Asipokuja, mimi sina la kufanya."

Bwana Balthazar aliulizia watu wa yadi za malori mpaka akampata. Mzee Jairo Mbonile alishaacha ulinzi zamani, alikuwa amerudi kwao Mbozi kulima kahawa, mbele kidogo ya Mbozi Mission. Nilikwenda kwa bodaboda, asubuhi ya Julai yenye baridi ya kuuma masikio. Nilikuta uani watu wengi, ni msimu wa kuchuma, wanawake wanachambua kahawa mbivu kwenye vikapu na mzee mmoja mrefu anatandaza nyingine kwenye kichanja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Makaoni wageni wanapokuja, tunafundishwa kusimama wima na kutaja majina yote mawili kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Mtoto wa nyumbani angejua kunong'ona. Mimi nilisimama katikati ya uwanja wa watu nikasema:

"Naitwa Rozi Mbonile. Nimemfuata Mzee Jairo."

Mikono ikasimama juu ya vikapu. Mzee alibaki ameinama juu ya kichanja chake. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani alitoka jikoni, akanitazama kuanzia kwenye viatu akipanda juu taratibu, na alipofika usoni akatulia hapo. Huyo alikuwa Mama Zabron, mke wa yule mzee mrefu, ambaye ndiye Mzee Jairo mwenyewe.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

Hakunifukuza. Nilieleza shida yangu, nikaeleza utaratibu wa makaoni wa majina, nikaeleza chuo. Mzee aliitikia kwa kichwa akasema ni kweli, alinikuta karibu na tairi la lori, akanipeleka polisi, polisi wakanipeleka makaoni. Hakujua kama niliitwa kwa jina lake. Mama Zabron alisikiliza yote, halafu akasema maneno hayo ataongea na mwanawe mkubwa, na mpaka Zabron arudi kutoka Galula alikokwenda kwa wachimbaji wenzake wa dhahabu, mimi nikae. Mchana ulipofika akanipa jagi na beseni.

"Nawisha wazee."

Nilikuwa nawaona wasichana wa nyumba za watu wakifanya hivyo, kwenye misiba na kwenye harusi tulizopelekwa kuimba. Makaoni tuna bomba, kila mtu ananawa kivyake kwenye foleni. Nilipiga magoti mbele ya Mzee Jairo, nikamwagia maji, akasugua vidole vyenye utomvu wa kahawa, akasema asante mwanangu bila kunitazama. Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu. Sijui niseme nini kuhusu jambo hilo. Ule mguu wenye ganzi ulichezacheza. Nilitamani wazee wawe wengi zaidi.

Jioni Mama Zabron akaniambia nisonge ugali. Nilijaza sufuria kubwa kuliko zote, nikamimina unga kwa mkono wangu wa kawaida, na nilipomaliza tulikuwa na ugali wa kulisha kwaya. Mama Zabron alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Haya sasa. Umealika kijiji?"

"Nisamehe, mama. Sijui kupika kidogo."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Ugali uligawiwa nyumba za jirani, na kesho yake nikapika mwingi tena, mkono haukusikia. Siku ya tatu aliacha kunisema. Akawa anamtuma mjukuu wake Ruti, binti wa Zabron, awaambie majirani waje na mboga zao.

Siku hizo nilichuma kahawa, nikapika, nikanawisha. Usiku nililala na Ruti. Wakati mwingine nilimtazama mzee masikio yake, nikajishika yangu. Hayakufanana. Masikio yake ni makubwa na yamesimama, yangu yamelala. Nilikuwa nimeshajua kwamba si baba yangu, ila nilitazama tu.

Siku moja tukichambua kahawa Mama Zabron akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:

"Unajua nilikusikia tangu ukiwa mtoto? Dereva mmoja wa malori alileta habari hapa. Mbonile ana binti makaoni, anaitwa kwa jina lake. Nimecheka na wanawake wenzangu kisimani miaka yote hiyo, nikijua wanachokijua. Nilimuuliza kama ana binti, la jina sikumtajia, akasema hana. Ningeamini vipi, na jina lipo?"

"Lilikuwa jina tu, mama."

"Sasa najua. Ulipotaja jina lako pale uwanjani nilitaka kukupiga na kikapu." Akatupa kahawa mbovu pembeni. "Wewe huna kosa. Lakini imeniuma, mwanangu. Imeniuma sana."

Nilitaka kumwambia pole. Nilisema, ila ilitoka kama pole ya kumwambia mtu aliyejikwaa.

Zabron alirudi na vumbi la Galula kwenye nywele. Si mtu wa kelele. Alimsikiliza mama yake, akanisikiliza na mimi, akanywa chai yake yote ndipo akaongea.

"We dada, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mzee ameshazeeka. Akienda serikalini kuapa juu yako, ukapata kitambulisho chenye jina letu, kesho mzee hayupo, unakuja hapa na mume wako unasema gawa shamba. Sheria siku hizi zinawapa hata mabinti. Tutabishana na karatasi?"

"Sitaki shamba. Nataka namba."

"Leo hutaki. Basi tuite watu. Mwenyekiti wa kitongoji awepo, wazee wa ukoo wawepo, mchungaji awepo. Useme mbele yao kwamba huyu si baba yako na hapa huna kitu. Ukisema hivyo, kesho yake mzee anakwenda na wewe Tunduma. Mtendaji nitamtafuta mimi mwenyewe."

Nikamtazama Mzee Jairo. Alikuwa anakwangua matope kwenye jembe lisilo na matope.

"Nitasema," nikajibu.

Lilikuwa jambo jepesi. Lilikuwa la kweli, tena lilinipa chuo. Zabron alinipangia maneno na mimi nikayashika upesi, kwa sababu makaoni tumekaririshwa mistari ya Biblia tangu hatujui kusoma. Ruti alinisikiliza tukiwa tunaokota kuni, akanisahihisha mahali nilipokosea.

Siku ya mkutano walikuja watu kama wa msiba mdogo. Mama Zabron alichinja kuku. Nani atapika? Hakukuwa na haja ya kuuliza. Nilipika tangu asubuhi kwenye mawe matatu nyuma ya nyumba, ugali, kuku, maharage, majani ya maboga, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke makaoni mkono wangu ulipima sawa. Kila kilichoingia kwenye sufuria kilikuwa na mtu wake. Wanawake waliokuja kunisaidia walikaa pembeni wakanitazama. Mmoja akasema, binti huyu atakayemuoa ana bahati. Nikafurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na nilikuwa napika chakula cha mkutano wa kunikana.

Tulipokaa, mchungaji akaomba. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Yesaya, akaeleza kwa nini tumeitwa, kwanza kwa Kinyiha, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Akanipa nafasi. Nikasimama wima, mikono pembeni.

"Mimi Rozi, ninayeitwa Mbonile, niliokotwa Tunduma na Mzee Jairo. Si baba yangu. Jina nilipewa makaoni, yeye hakuulizwa. Hapa sina shamba, sina nyumba, sina ndugu. Sitakuja kudai."

Sikukwama popote. Ruti alikuwa akinifuatisha kwa midomo. Mzee mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, mwenzake akamshika mkono. Yesaya akauliza kama Mzee Jairo ana la kusema. Mzee alisimama, akasema ni kama binti alivyosema, akakaa. Mama Zabron alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na mwanamke aliyekuwa karibu naye akamshika goti. Miaka yake yote ya kisimani ilikuwa inaondoka. Nilimwonea furaha, kwa mbali, kama ninavyowaonea furaha watu wa redioni.

Mimi sikuhisi kitu. Maneno yalitoka, yakaisha. Nikakimbilia jikoni kuchukua jagi na beseni, maana chakula kilikuwa tayari na wazee walikuwa wengi kama nilivyotaka.

Ruti alikuwa ameshavichukua. Nilinyoosha mikono nimpokee.

"Acha," Mama Zabron akasema nyuma yangu. Alinishika bega kwa upole kabisa. "Njoo ukae, mwanangu. Leo wewe ni mgeni wetu."

Wakaniletea kiti. Wanawake wengine walikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kiti, karibu na mchungaji. Ruti akaja akapiga magoti mbele yangu, akaweka beseni, akainua jagi. Ruti niliyelala naye kitanda kimoja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe.

Hapo ndipo iliponiuma. Maneno yote niliyosema hayakunifanya kitu, ila yale maji yaliniingia mpaka tumboni. Nilitaka kumnyang'anya Ruti jagi nimpige nalo. Nilitaka kupiga magoti mimi. Nikanawa. Nikasema asante, kama wageni wanavyosema, naye akahamia kwa mtu mwingine. Nikapewa paja la kuku, mimi ambaye wiki nzima nilikuwa nikimpelekea mzee chakula chake. Hawakunionea, na sitawasingizia. Waliniheshimu kuliko nilivyowahi kuheshimiwa, na kila heshima ilinisogeza karibu na geti.

Ugali wangu ulikuwa mzuri. Ulitosha na haukubaki.

Kesho yake tukashuka Tunduma, mzee, mtendaji na mimi. Karani alimwapisha mzee, akaandika, akafika mahali akasimama.

"Uhusiano wako na mwombaji?"

"Nilimwokota," mzee akajibu.

"Hiyo haipo hapa. Niweke mlezi?"

"Sikumlea."

"Sasa, mzee wangu, niandike nini?"

Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mtendaji akasema andika shahidi, karani akaandika shahidi. Kisha akaniuliza kama jina la Mbonile libaki au nabadilisha, maana kama ni kubadilisha ni wakati huu. Nikamgeukia mzee. Hilo Zabron hakuwa amenipangia.

"Mwachie," mzee akamwambia karani. "Jina halimalizi shamba."

Nikapigwa picha, nikaweka vidole. Karani akasema namba itakuja kwenye simu, na kabla ya saa sita ilikuja kweli. Mtendaji akaondoka na shughuli zake. Bwana Balthazar akapiga.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Hongera, Rozi. Sasa unajisikiaje?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mzee alitaka kunionyesha mahali. Tulipita kando ya foleni ya malori mpaka kwenye jengo la ghorofa moja linalouza vigae. "Ni hapa," akasema. "Hapa palikuwa na ukuta wa mabati, tairi lilikuwa pale." Nikatazama vigae. Vilikuwa vya kung'aa, vya bafuni. Kijana wa dukani akatoka akatuuliza tunajenga wapi.

Mzee alikuwa hajala tangu alfajiri. Nilimwingiza kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, nikaagiza wali na samaki kwa ajili yake, kwa posho ya kuondokea makaoni. Ndiyo niliyokuwa nayo, na nilitaka iishie hapo. Mhudumu akaja na jagi na beseni. Nikasimama, nikampokea jagi.

"Kaa tu, dada, ni kazi yangu."

"Nitamnawisha mwenyewe."

"Ni baba yako?"

Mzee alikuwa ameshanyoosha mikono juu ya beseni. Akainua macho. Tangu siku ile ya kichanja hakuwahi kunitazama usoni, na sasa alinitazama. Macho yake yalisubiri jibu ambalo mbele ya wazee wake hakulisubiri. Hakukuwa na mwenyekiti pale, hakukuwa na Zabron. Ningeweza kusema lolote.

"Hapana," nikamwambia mhudumu. "Ni mgeni wangu."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya mgahawa, nikamwagia. Alisugua vidole, akasugua viganja, akarudia vidole. Watu wa meza ya jirani waliacha kula. Niliinamisha jagi mpaka tone la mwisho.

"Yameisha, mzee."

Hakutoa mikono.